Mpeni Binti Saa Zake



Kila mwaka, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Aprili, dunia huadhimisha Siku ya Wasichana katika TEHAMA. Hapa Tanzania wasichana hukusanywa kutoka shule mbalimbali, hufundishwa kuandika programu, huonyesha walichobuni, hupewa vyeti na zawadi. Viongozi huhutubia, picha hupigwa, na jioni habari yao husomwa redioni. Ni shughuli njema, na naomba ziendelee. Lakini leo nataka tuiache Alhamisi hiyo tuitazame Ijumaa yake. Binti amesharudi kwao, cheti amekiweka juu ya kabati. Je, ni lini atakaa tena mbele ya kompyuta?

Ukimuuliza baba yake atakwambia, "Mimi sijamkataza." Na atakuwa anasema kweli. Mtaala haumkatazi. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka kidato cha sita, kwa mvulana na msichana sawasawa. Mkuu wa shule naye atakuonyesha chumba cha kompyuta, na atakuapia kwamba wanafunzi wote wanaingia. Ukimtafuta mtu aliyesimama mlangoni kumzuia binti huyu, humwoni.

Basi kwa nini katika darasa la kompyuta chuoni wasichana wanakuwa wachache hivyo? Mimi jibu langu ni moja, na ndilo nitakalolizungumza jioni hii. Msichana wetu ananyimwa muda. Saa zake zinagawiwa watu wengine tangu jua linapochomoza mpaka anapolala, na teknolojia ni elimu ambayo bila saa za kukaa na kutulia haiingii.

Naomba nieleze kwa nini nasema hivyo. Masomo mengine binti anaweza kuyabeba kichwani akiwa kazini. Anasonga ugali huku anakariri mashairi. Anafua nguo huku anajiuliza maswali ya historia na kujijibu. Kuandika programu hakubebeki kichwani namna hiyo. Mashine lazima iwe mbele yako. Unajaribu, unakosea, unatafuta kosa, unajaribu tena. Ukikatizwa katikati, uzi wa mawazo unakatika, na ukirudi unaanza karibu upya.

Niliwahi kuketi pembeni ya binti mmoja wa kidato cha tatu, wakati wa likizo, katika mafunzo ya kompyuta. Alikuwa anaandika programu ya kukokotoa wastani wa alama za darasa. Mistari yenyewe haikufika kumi. Akaiendesha, maandishi mekundu yakatokea: kuna kosa mstari wa nne. Akausoma mstari wa nne kwa sauti ndogo. Akahesabu mabano, yakawa sawa. Akabadilisha jina la orodha yake, akaendesha tena, nyekundu ileile. Akafuta mstari mzima akauandika upya kama ulivyokuwa, na kosa likarudi kama lilivyokuwa. Mwalimu alipita nyuma yake, akaona, akanyamaza. Ilikaribia saa nzima ndipo binti yule alipoulinganisha mstari wake na ule uliokuwa kwenye daftari, akaona kwamba mwishoni palikosekana nukta mbili. Alama moja, ndogo kuliko punje ya mchele. Akaibonyeza, na wastani ukaja. Hakupiga kelele. Alivuta daftari akaandika, kwa herufi kubwa, kwamba mstari wa namna hiyo lazima uishie na nukta mbili.

Msikilizaji, somo lenyewe lilikuwa ile saa nzima. Mwalimu angemwonyesha kosa dakika ya kwanza, binti angepata jibu na asingejifunza kitu. Fundi wa kompyuta anatengenezwa na saa kama hizo, mamia kwa mamia, za kukaa na kosa mpaka likubali kuonekana. Sasa nikuulize wewe mzazi: nyumbani kwako, saa kama hiyo binti yako anaipata lini?

Tuihesabu siku yake. Anatoka shule saa tisa na nusu alasiri. Shule yake ni ya kata na anakaa mbali, kwa hiyo anafika nyumbani saa kumi na nusu. Anavua sare, anachukua ndoo. Bombani kuna foleni. Akirudi, anaosha vyombo vya mchana, anachambua mchele, anawasha mkaa. Mdogo wake analia, anambeba mgongoni. Mama yuko kwenye biashara yake na anategemea kukuta chakula tayari. Saa mbili na nusu usiku wanakula. Saa tatu anaosha vyombo vya usiku. Saa tatu na nusu anafungua daftari, macho yanafumba yenyewe, na alfajiri saa kumi na moja anatakiwa aamke afagie uwanja kabla ya kwenda shule.

Kaka yake ametoka shule ileile, saa ileile. Alifika, akaweka begi, akaaga, akaenda kwa rafiki yake mwenye laptopu, au kwenye duka la kutengeneza simu pale kituoni. Hapo dukani anasimama nyuma ya fundi, anaona simu inavyofunguliwa, anatumwa bisibisi, siku moja anaachiwa abadilishe kioo. Hakuna aliyemwambia aende kusoma teknolojia. Alikuwa na saa tatu mkononi, na saa zile zikamsomesha. Baada ya miaka miwili ya jioni kama hizo, watu wa nyumbani wanasema, "Huyu kijana ana kipaji cha mitambo. Dada yake yeye havutiwi na mambo hayo." Nani aliwahi kumpa dada nafasi ya kuvutiwa?

Ukienda shuleni, ugawaji ni uleule. Kompyuta ni chache, tuseme wanafunzi watano kwa mashine moja. Tazama mikono. Mausi kaishika mvulana. Kibodi iko mbele ya mvulana mwingine. Msichana yuko ubavuni, ameshika kalamu, anaandika maelezo kwa mwandiko mzuri, na baadaye wote watanakili kwake. Kipindi kikiisha, waliogusa mashine wametoka na ujuzi wa vidole, yeye katoka na daftari safi. Hakunyang'anywa kwa nguvu. Alizoea kupisha, na mwenzake alizoea kupishwa.

Kuna jambo la pili linaloambatana na muda, nalo ni ruhusa ya kukosea. Mvulana akiunguza redio ya baba kwa kuifungua, atagombezwa, kisha atasikia mtu akisema, "Mwacheni, ndivyo fundi anavyoanza." Msichana akikosea, anaambiwa, "Tulisema." Kosa la mvulana linahesabiwa kuwa hatua, kosa la msichana linahesabiwa kuwa ushahidi. Basi msichana mwerevu anajifunza kutogusa asichokijua, apate kubaki na sifa yake ya utulivu na unadhifu. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Binti zetu nao wanastahili nusu ya kwanza ya methali hiyo.

Labda utasema, haya ni mawazo yako, huenda kweli wasichana kwa asili hawayapendi mambo ya namba na mashine. Mimi nakuomba utazame pale ambapo msichana amepewa saa zake. Tunazo shule za bweni za wasichana za serikali, Msalato kule Dodoma, Kilakala kule Morogoro, ambazo kwa miaka mingi zimepokea wasichana wa vipaji maalumu na kuwasomesha fizikia, kemia na hisabati. Wengi wao wamezaliwa katika nyumba kama zetu, na mama zao ni kama mama zetu. Wana akili, ndiyo, lakini wapo pia wenye akili kama zao kwenye shule za kata, wanaosinzia juu ya daftari saa tatu na nusu. Bwenini jioni ikifika kengele inagongwa, wote wanaingia prepo, yaani kipindi cha kujisomea, na kwa saa zile hakuna anayemwita mtu akachote maji. Ukiondoa ndoo na mtoto wa mgongoni, kile kinachoitwa asili ya mwanamke kutopenda hesabu kinapotea.

Na ndiyo maana nafurahi kwamba serikali, kupitia mradi wa SEQUIP wa kuboresha elimu ya sekondari, iliamua kujenga shule za sekondari za wasichana za masomo ya sayansi, moja kwa kila mkoa, mikoa 26 ya Tanzania Bara. Majengo hayo yananunua muda wa binti.

Tuvuke mpaka kidogo. Nairobi, mwaka 2010, akina dada waliokuwa tayari kwenye fani ya kompyuta walianzisha asasi iitwayo AkiraChix. Baadhi yao, kama Judith Owigar, Linda Kamau na Angela Oduor Lungati, sasa wanajulikana katika teknolojia ya Afrika nzima. Asasi hiyo ina mafunzo ya mwaka mmoja kwa wasichana kutoka familia zisizo na uwezo. Sikiliza wanachowapa: masomo, malazi, chakula na kompyuta. Kwa nini malazi na chakula? Kwa sababu waliopita njia hiyo walijua kwamba kumfundisha msichana jioni kisha kumrudisha akapike ni kumfundisha nusu.

Kisumu pia kuna ushahidi. Mwaka 2017 wanafunzi watano wa shule ya sekondari ya wasichana ya Kisumu walibuni programu ya simu waliyoiita i-Cut, ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Msichana anabonyeza kuomba msaada, au kutoa taarifa, au kutafuta mahali pa kuokolewa. Waliisukuma mpaka wakaalikwa California kwenye mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 kundi lao, The Restorers, likafika fainali ya tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Wazo lilitokana na rafiki yao aliyekeketwa akaacha shule. Nawaomba mlitafakari hilo. Zipo programu nyingi sana za simu duniani, za kuagiza chakula, za kuita teksi, za kucheza kamari. Hii ya kumwokoa msichana na wembe iliandikwa na wasichana. Anayeandika programu anaandika matatizo anayoyajua. Tukiwaondoa mabinti kwenye meza hiyo, matatizo yao nayo tunayaondoa, na tutabaki kutumia vitu vilivyotengenezwa bila wao kufikiriwa.

Sasa nataka niwajibu wale wanaosema jambo hili linapingana na mila zetu. Naziheshimu mila, nimelelewa nazo. Lakini mila ipi ilisema neno lolote kuhusu kompyuta? Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na marufuku hiyo ilikaa miaka mingi. Wakati huo kompyuta ilikuwa ngeni kwa wote, baba na mama, shehe na padri. Mashine hii imefika kwenye nyumba zetu juzi tu, na hakuna babu aliyeacha wosia kwamba isiguswe na mjukuu wa kike.

Na tukitaka kusema nani alianza, ushahidi unamwelekea mwanamke. Miaka yote ile, nani alikaa mbele ya vibonyezo katika ofisi zetu? Walikuwa makatibu muhtasi, wengi wao wanawake, waliosomea Chuo cha Uhazili Tabora, waliochapa kwa vidole kumi bila kutazama mashine. Barua za wizara, hukumu za mahakama, mikataba ya mashirika ya umma, yote yalipita kwenye vidole vyao. Hakuna aliyesema mashine ya kuchapa ni ngumu kwa mwanamke. Marekani nako, kompyuta ile kubwa ya ENIAC ilipoonyeshwa kwa umma mwaka 1946, waliokuwa wameiandalia programu zake walikuwa wanawake sita. Kazi ilipoanza kuleta mshahara mnono na heshima, ndipo ikasemwa ni ya wanaume. Hiyo siyo mila. Ni kugawana nafasi, na walioachwa nje hawakuulizwa.

Na kama bado una shaka kwamba mwanamke anaweza mitambo, twende Zanzibar, Kinyasini, Kaskazini Unguja. Pale kipo chuo cha Barefoot, kinachopokea akina mama kutoka vijijini, wengine wakiwa bibi, wengine wasiojua kusoma vizuri. Wanakaa chuoni kwa miezi kadhaa, wanajifunza kutengeneza na kufunga umeme wa jua. Wanaunganisha saketi kwa kufuata rangi, wanachomelea waya, wanapima betri, kisha wanarudi vijijini kwao kuwasha nyumba na kuzihudumia. Mama aliyekuwa anaitwa asiyesoma sasa anaitwa fundi, na wanaume wanamfuata kumwomba aje aangalie taa imegoma. Nao wameondoka nyumbani kwa miezi hiyo, na watoto wamelelewa na baba, bibi na majirani, na kijiji hakikuanguka.

Tukirudi kwenye hisabati yenyewe, tunaye Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya uzamivu katika hisabati. Fani yake ni mwendo wa vimiminika, na alisomea Berlin. Amefundisha Dar es Salaam na Rwanda, na ametumia miaka mingi kuwavuta wasichana waingie kwenye sayansi. Mtoto wa kike akiambiwa hesabu si zake, aambiwe pia habari za mama huyo.

Nisiwapite wazazi bila kusikiliza hofu yenu, kwa sababu si hofu ya uongo. Mzazi ananiambia, "Nikimpa binti simu yenye intaneti, nitampoteza. Watu wabaya wamejaa humo." Ni kweli wamo. Mzazi mwingine anasema, "Nikimruhusu abaki shuleni mpaka saa kumi na mbili kwa ajili ya kompyuta, atarudi gizani, na wenye bodaboda wanamsubiri njiani na ofa ya lifti." Ni kweli wapo, na madhara yake tunayaona. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana mia wa miaka 15 hadi 19, wasichana 22 walikuwa wameshawahi kupata ujauzito. Mzazi ana haki ya kuogopa.

Lakini tazama hofu hiyo tunaifanyia nini. Anayevizia ni mwanamume mzima, anayefungiwa ndani ni mtoto. Msichana anapunguziwa saa, njia, simu na rafiki, na mviziaji habadilishiwi ratiba hata dakika moja. Mimi nawaomba tuanze upande wa pili. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupokezana kuwapokea watoto shuleni jioni. Kipindi cha kompyuta kinaweza kuwekwa Jumamosi asubuhi, jua likiwaka. Simu inaweza kutumika sebuleni, mzazi akiwa karibu, binti akijua kwamba akiandikiwa maneno machafu atayaonyesha bila kugombezwa yeye. Na anayemsumbua apelekwe polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Tumlinde binti akiwa anasonga mbele, tusimlinde kwa kumsimamisha.

Na kwa yule aliyepata ujauzito, milango isifungwe. Kwa miaka mingi tuliwafukuza, na mwaka 2017 ilitangazwa waziwazi kwamba mwanafunzi akizaa harudi shule ya serikali. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi. Ruhusa hiyo ni jambo kubwa. Hata hivyo mama mwenye umri wa miaka kumi na saba akirudi darasani bila mtu wa kumshikia mtoto, amerudi kwa jina tu. Saa zake zimegawanywa mara mbili zaidi. Bibi, shangazi, baba wa mtoto, wote wana sehemu ya kubeba hapo.

Kuna kona moja zaidi, na wazazi wengi hupita bila kuiona. Kwa miaka mingi mwanafunzi akimaliza kidato cha pili ameruhusiwa kuacha fizikia na kemia. Ana miaka kumi na minne au kumi na mitano. Katika wiki chache anaamua jambo litakalomfungia au kumfungulia uhandisi maisha yake yote, maana asiyesoma fizikia hawezi kuchukua PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kidato cha tano, na vyuo vya ufundi kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya vitamwuliza alama ya fizikia. Wiki hizo ndizo binti husikia sauti zote kwa pamoja. Shangazi anasema, "Mwanangu, msichana akisoma sana hesabu atamkosa mume." Mwalimu mwenye haraka anasema, "Wewe nenda sanaa, utafaulu vizuri." Rafiki zake wote wanaacha. Naye amechoka, alama zake za fizikia ziko chini kwa sababu ya zile jioni tulizozihesabu, anazitazama na kuamini kwamba hana akili ya fizikia. Anaacha. Miaka kumi baadaye tunafanya semina tukiuliza wanawake wahandisi wako wapi.

Mzazi, mtoto wako wa kike akikaribia kidato cha tatu, kaa naye. Usiulize tu alama. Uliza alizipata akiwa amesoma saa ngapi. Binti aliyepata arobaini kwa nusu saa ya kusoma kila usiku, huenda ana akili ya fizikia kumshinda kijana aliyepata hamsini kwa saa tatu.

Sasa niseme ninachoomba, na sitaomba kitu kinachohitaji bajeti ya wizara.

Kwako baba. Amua kwamba kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu usiku, siku za shule, binti haitwi. Asiitwe kwa chai, kwa maji ya kunawa wala kwa kumpokea mgeni. Liseme jambo hilo wewe mwenyewe mbele ya nyumba nzima, kwa sababu likisemwa na binti litaitwa uvivu, likisemwa na mama litaitwa kumdekeza, likisemwa na wewe litakuwa utaratibu. Na kama una simu janja, iache mezani saa hiyo. Yapo masomo mengi ya kuandika programu ambayo simu yenyewe inatosha kuyaanza.

Kwako mama. Najua ukimwachilia saa hizo, kazi itakurudia wewe, na wewe umechoka kuliko wote. Kwa hiyo sikuombi uibebe. Nakuomba umpe kaka yake ndoo. Mvulana akichota maji mikono yake haipungukiwi kitu, na atakapokuwa mume wa mtu utashukuriwa.

Kwako kaka. Ukienda kwa rafiki yako mwenye laptopu, au kwa fundi wa simu, mchukue dada yako siku moja moja, msimamie, kisha mwache ashike yeye. Unachokijua umekipata kwa saa alizokufanyia kazi. Nusu ya saa zile ni deni.

Kwako mwalimu. Walimu wengi mlipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022. Katika chumba cha kompyuta pia kuna mashine zinazofanya kazi. Weka zamu. Kila kundi liwe na mshika kibodi, na abadilike kila baada ya dakika kumi, na mnakili maelezo naye abadilike. Wasichana wapewe siku yao, hata mara moja kwa wiki, waharibu na watengeneze bila mtu kuwacheka. Na anayekosea mwache akae na kosa lake mpaka alione.

Kwako binti unayenisikiliza, pengine unaosha vyombo na redio iko dirishani. Huna upungufu wa akili. Una upungufu wa saa, na saa zinaweza kudaiwa. Anza kuzidai kwa adabu, kwa kutaja: Jumanne na Alhamisi, saa moja mpaka saa mbili na nusu, naomba nisitumwe. Ukizipata jioni hizo mbili, zitumie zote. Tafuta mwenzako mmoja shuleni mshike mashine pamoja, na kibodi ikija mbele yako usiipishe. Ukiona maandishi mekundu, usiondoke kwenye kiti. Hapo ndipo shule inapoanza.

Wazazi wenzangu, saa ya habari inakaribia na chakula kinakaribia kuiva. Kabla hamjaketi kula, mwiteni binti mumuulize anataka saa zipi ziwe zake, na ni kazi ipi katika kazi zake itahamia kwa mwingine. Litajwe jina la atakayeifanya kazi hiyo kuanzia kesho, na huyo aliyetajwa aitikie mbele ya wote.